Chuma Mfupani: Je, Kitashika Kutu?

Simu inalia saa mbili usiku, nawe ndio kwanza umeshuka matatu kutoka kazini. Anayepiga ni ndugu yako aliye Rongo. Mdogo wenu alikuwa amepanda boda boda akielekea Homa Bay, lori likawasukuma nje ya lami, na sasa amelala wodini, mfupa wa paja umevunjika. Daktari anasema lazima atiwe chuma. Mzee nyumbani amekataa. Amesikia kwamba chuma hushika kutu ndani ya mwili, huvuta radi, na humwachia mtu baridi ya mifupa maisha yake yote. Anataka kijana arudishwe nyumbani, aitiwe fundi wa kuunga mifupa wa kijijini. Wewe uliye mjini, mwenye mshahara na M-Pesa, ndiwe unayengojwa useme neno.

Ikiwa una watu wako Migori au Homa Bay, huenda simu kama hii imewahi kukufikia. Barabara kuu inayotoka Isebania, mpakani mwa Tanzania, hupitia Migori, Awendo na Rongo ikielekea Kisii, na kutoka Rongo kuna lami inayoteremka hadi Homa Bay ufuoni mwa ziwa. Lori la miwa, matatu na boda boda iliyobeba abiria wawili hugombania njia moja. Mbali na barabara, kuna mashimo ya dhahabu ya Nyatike, ambako kuta za udongo huweza kuwaporomokea wachimbaji. Anayevunjika mguu huko ni kijana mara nyingi, na ndiye anayelisha nyumba.

Kabla ya kumjibu mzee, msomaji, yafaa uelewe mambo mawili: kwa nini daktari anataka chuma, na ni kitu gani kinachokizuia chuma hicho kuoza mwilini.

PLASTA HAITOSHI KILA MAHALI

Mfupa hujiunga wenyewe. Daktari haungi mfupa. Kazi yake ni kuvirudisha vipande mahali pake na kuvishikilia visitikisike hadi mwili umalize kazi yake. Mkono wa mtoto uliopata ufa, au mfupa ambao haukuhama, hutulia vizuri ndani ya plasta.

Paja la mtu mzima ni jambo jingine. Misuli yake ina nguvu nyingi, nayo huvuta ncha za mfupa zikapandana. Zamani tiba ilikuwa kumlaza mgonjwa kitandani, mguu ukivutwa kwa kamba na vizito, kwa wiki sita hata kumi na mbili. Wengi walipona hivyo, lakini wengine walitoka na mguu mfupi au goti lililokakamaa, na wengine walipata vidonda vya mgongoni au damu iliyoganda mishipani.

Siku hizi daktari huingiza msumari mrefu wa chuma ndani ya uvungu wa mfupa, juu hadi chini, kisha huufunga kwa skrubu kila upande. Mifupa mingine hufungwa bamba la chuma kwa nje. Aliyetiwa msumari huo mara nyingi huweza kusimama kwa magongo baada ya siku chache.

Usidhani kwamba tiba hii ni ya hospitali za matajiri pekee. Daktari mmoja Mmarekani, Lewis Zirkle, alianzisha mwaka wa 1999 shirika liitwalo SIGN, ambalo huzipa hospitali za nchi maskini misumari ya mifupa. Msumari wake umebuniwa ili daktari aweze kuufunga skrubu akiongozwa na fremu ya nje, bila kuhitaji mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Misumari hiyo imetumika katika nchi zaidi ya 50, Kenya ikiwemo.

Na fundi wa kijijini je? Wako wanaojua kuunyoosha mfupa uliovunjika kidogo. Hatari iko kwenye vijiti na vitambaa vinavyokazwa mno. Mguu uliovunjika huvimba, na kitambaa kisicholegea huzuia damu. Vidole vikianza kufa ganzi, kuwa baridi na kubadilika rangi, mguu uko mbioni kufa. Anayechelewa hapo hukatwa mguu ambao ungepona.

NGOZI YA CHUMA

Sasa turudi kwa mzee. Swali lake kuhusu kutu si la kipuuzi hata kidogo. Mtu aliyekulia kando ya ziwa amekwisha kuona mabati mekundu ya kutu, na nanga ya mtumbwi iliyoliwa ikabaki nusu. Ikiwa maji ya ziwa, ambayo hayana chumvi ya kuonjeka, yanakila chuma hivyo, damu ya mtu yenye chumvi itakifanya nini?

Chuma cha kawaida kingeliwa, na si kidogo. Umajimaji wa mwili una chumvi karibu gramu tisa katika kila lita, una joto wakati wote, na hauna kiangazi. Lakini chuma kinachotiwa mfupani si kile cha nondo wala cha msumari wa mbao. Ni chuma cha pua kilichochanganywa na madini mengine: kromiamu asilimia 17 hivi, nikeli asilimia 10 hadi 15, na molibdenamu kidogo, asilimia mbili hadi tatu.

Siri iko kwenye kromiamu. Mara tu chuma hicho kinapokutana na hewa, kromiamu iliyo juu hushikana na oksijeni na kufanya utando unaokifunika chuma chote. Utando huo hauonekani kwa macho. Unene wake ni nanomita chache tu. Ungehitaji kupanga tabaka zaidi ya elfu kumi ili kupata upana wa unywele mmoja wa kichwa chako. Hata hivyo ndio unaoizuia chumvi isikifikie chuma. Ukiukwaruza, hujiziba wenyewe papo hapo mradi kuna oksijeni ya kutosha. Kutu ya kawaida haifanyi hivyo: ina vinyweleo, huvimba, hubanduka, na kuacha chuma kipya kiliwe tena.

Sifa hii ya chuma chenye kromiamu ilianza kutangazwa mwaka wa 1913, wakati Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alipotengeneza chuma kisichoshika kutu alipokuwa akitafuta chuma bora cha mitutu ya bunduki. Sufuria na vijiko vinavyong'aa jikoni mwako ni jamaa zake.

Lakini watengenezaji wa vyuma vya mifupa hawauachi utando huo ujitokee tu. Kwanza hukisugua chuma hadi king'ae, mara nyingi kwa kukitumbukiza katika asidi na kupitisha umeme unaolamba vilima vidogo vya juu. Kisha hukiosha katika tindikali ya nitriki au ya limau, ambayo huondoa chembe za chuma cha kawaida zilizoachwa na mashine, na kuuacha utando wa kromiamu ukiwa mzima. Chembe moja ya chuma ikisalia juu, hapo ndipo kutu hupata mlango.

Kwa hiyo, msomaji, unaponunua chuma cha mfupani hununui uzito wa chuma pekee. Unanunua pia ngozi yake.

KISICHOKUNYWA TINDIKALI

Chuma cha pua hakiko peke yake. Titani ni nyepesi zaidi, na utando wake ni imara kuliko wa kromiamu. Mwaka wa 1952 mtafiti Msweden, Per-Ingvar Brånemark, alitia vifaa vya titani ndani ya mifupa ya sungura, na alipotaka kuvitoa akakuta mfupa umevishika visitoke. Tangu hapo wataalamu wamejua kwamba ngozi ya chuma ina kazi mbili. Ikisuguliwa laini, mfupa haushikamani nayo sana, na hiyo hufaa kwa chuma kitakachotolewa baadaye. Ikiachwa na vishimo na makwaruzo ya makusudi, mfupa huota ndani yake, na hiyo hufaa kwa nyonga bandia au mzizi wa jino bandia.

Kuna na ndugu wa tatu, ambaye huenda umembeba mfukoni bila kujua: tantalamu. Madini haya yaligunduliwa mwaka wa 1802 na Anders Ekeberg wa Sweden. Aliyapa jina la Tantalo, mtu wa hadithi za Wayunani aliyesimamishwa majini bila kuweza kunywa, kwa sababu oksaidi ya madini hayo iliwekwa ndani ya tindikali na haikunywa hata tone. Sehemu kubwa hutokana na koltani, na Rubaya katika wilaya ya Masisi, Kongo mashariki, ni miongoni mwa machimbo yake makubwa duniani.

Viwandani, karatasi na unga wa tantalamu hutengenezewa vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme ndani ya simu na kompyuta. Karatasi hiyo huchimbwachimbwa kwa kemikali ili uso wake uwe mpana, kisha huoteshwa utando wa oksaidi kwa umeme. Utando huo ndio unaozuia umeme usivuje. Huo huo ndio unaozuia chumvi ya mwili isiile tantalamu. Simu iliyokuletea habari za mdogo wako na vyuma vya mifupa ghali vya ng'ambo vinaendeshwa na siri moja.

Katika Vita vya Pili vya Dunia madaktari walifunika mafuvu yaliyotobolewa na risasi kwa mabamba ya tantalamu, na wakazungushia karatasi yake nyembamba kwenye neva zilizoshonwa. Mabamba ya fuvu yalifaa. Karatasi ya neva iliachwa, kwa kuwa ilivunjikavunjika na kovu likaibana neva. Fundisho ni kwamba kutoshika kutu pekee hakutoshi. Umbo na uso wa chuma lazima vilingane na kazi. Tangu miaka ya 1990 tantalamu imerudi kwa sura nyingine, ya sponji yenye matundu ambamo mfupa huota, hasa katika nyonga bandia. Bei yake ni kubwa. Kwa paja la mdogo wako, chuma cha pua kilichotengenezwa vyema kinatosha.

YANAYOHARIBU NGOZI HIYO

Hapa ndipo pa kuwa macho, kwani utando ule mwembamba una maadui.

Wa kwanza ni kutumia chuma kilichokwisha kutumika. Kuna jamaa ambao, kwa kubana pesa, hutaka bamba lililotolewa kwa mtu mmoja lioshwe na kutiwa mwingine. Kuchemsha huua viini tu, hakurudishi nguvu. Chuma kilichokwisha kubeba uzito wa mtu kina nyufa zisizoonekana. Chukua waya, uupinde huku na huku, utaona unakatika. Ndivyo chuma kilichochoka kinavyokatika mguuni.

Wa pili ni kuchanganya madini. Bamba la chuma cha pua likifungwa kwa skrubu za titani, madini mawili tofauti yaliyo ndani ya maji ya chumvi huweza kufanya kama betri, na mojawapo huanza kuliwa. Mabamba na skrubu zitoke katika madini ya aina moja.

Wa tatu ni msuguano. Skrubu ikilegea, kichwa chake husugua bamba, na katika ufa ule mwembamba oksijeni ni haba, hivyo utando hauwezi kujiziba upesi. Hii ndiyo sababu moja ya kumwambia mgonjwa asikanyage kwa uzito wote kabla ya siku aliyopangiwa. Mfupa na chuma vimo mashindanoni: ama mfupa uunge kwanza, ama chuma kichoke kwanza.

Wa nne ndiye mbaya kuliko kutu: bakteria. Uso wa chuma hauna damu, na kiini kikiutua kabla seli za mwili hazijaufunika, hujijengea utando wake wenyewe, utelezi ambao dawa hupenya kwa shida. Mfupa uliochomoza nje kwenye vumbi la barabarani uko katika hatari hii tangu dakika ya kwanza. Majeruhi huyo apewe dawa ya kuua bakteria mapema, ikiwezekana ndani ya saa moja, apigwe sindano ya pepopunda, na kidonda kioshwe vizuri chumbani mwa upasuaji kabla ya kufungwa.

WASIWASI MWINGINE

Je, chuma huvuta radi? La. Radi hupiga mahali palipoinuka au palipo wazi: mti, mlingoti, mtu aliye peke yake ziwani au shambani. Msumari uliofunikwa na nyama hauongezi hatari yoyote.

Je, huleta saratani? Vyuma hivi vimetiwa kwa watu wengi mno duniani kwa miaka mingi, na haijathibitishwa kwamba vinawaletea saratani.

Na ile baridi? Hiyo si uongo mtupu. Wapo wanaohisi maumivu wakati wa baridi, hasa bamba likiwa chini tu ya ngozi, kama kwenye muundi au kifundo cha mguu. Yanasumbua, lakini si ishara ya kuoza.

Je, lazima kitolewe? Si lazima kwa mtu mzima asiyesumbuka. Kwa watoto wanaokua mara nyingi hutolewa. Asije mtu akakitoa kwa kuwa tu jirani ametolewa.

Na mtu anayewashwa na hereni au mkanda wa saa wenye nikeli? Amwambie daktari kabla ya upasuaji, kwani chuma cha pua kina nikeli na titani huweza kumfaa zaidi.

Kuna maradhi mawili ambayo watu wa ziwani hawapaswi kuyaficha. La kwanza ni seli mundu, ambayo ni ya kawaida kwao kuliko sehemu nyingi za Kenya. Mwenye ugonjwa huo hupata maambukizi ya mifupa kwa urahisi na huhitaji uangalizi wakati wa kulazwa usingizi wa upasuaji. La pili ni virusi vya ukimwi. Homa Bay imeishi na janga hilo kwa miaka mingi, na hospitali yake ilikuwa ya kwanza miongoni mwa hospitali za umma nchini kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, mwaka wa 2001, kwa msaada wa madaktari wasio na mipaka. Anayetumia dawa zake sawasawa aweza kutiwa chuma kama mtu mwingine yeyote. Asiache kuzimeza akiwa wodini, wala asizifiche chini ya mto.

UKIPIGIWA SIMU, FANYA HIVI

Kwanza, hakikisha majeruhi habebwi juu ya pikipiki akiwa katikati ya watu wawili. Mguu ufungwe pamoja na ubao au mguu mzima, usikazwe mno, asafirishwe akiwa amelala. Paja lililovunjika laweza kumwaga lita moja ya damu au zaidi ndani ya nyama bila tone kuonekana nje.

Pili, zungumza na daktari mwenyewe. Muulize: Chuma ni kipya? Ni cha madini gani? Skrubu ni za aina hiyo hiyo? Mgonjwa aanze kukanyaga lini? Daktari mwema hatakasirika.

Tatu, kabla ya kuitisha harambee, uliza hospitalini bima italipa nini. Mamlaka ya SHA ilichukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, na asiyesajiliwa asajiliwe.

Nne, mgonjwa akitoka apewe karatasi inayoeleza chuma alichotiwa, na picha za eksirei zihifadhiwe nyumbani mahali pakavu. Siku moja akipelekwa kwenye mashine ya sumaku ya kupiga picha za mwili, awaambie wahudumu mapema kwamba ana chuma.

Tano, asiache kliniki kwa sababu maumivu yamepungua. Na arudi haraka, bila kungoja tarehe, akiona usaha, kidonda kufunguka tena, joto na wekundu, homa, au maumivu mapya baada ya kupata nafuu. Aache sigara, kwa sababu huchelewesha mfupa kuunga.

Sasa mpigie mzee. Usimwambie kwamba hajui lolote. Kuhusu kutu anajua mengi kuliko wewe. Mwambie kwamba alichokiona kwenye mabati ni kweli, na kwamba chuma cha hospitali kimevishwa ngozi ambayo bati halina. Mkumbushe pia kwamba kijana akirudishwa nyumbani na paja lililopandana, atachechemea hata kwenye harusi yake.

Ajali haina kinga, walisema wahenga. Lakini kofia ya chuma ya pikipiki ipo, na bei yake haifiki hata robo ya bili ya upasuaji. Utakapotuma pesa za hospitali, ongeza na za kofia.